Wasifu wa marehemu fundi magari: niuandikeje? Na magari ya wateja yaliyobaki gereji?

Kijana wa Kihonda

Wakuu, tumefiwa na mzee wetu hapa Morogoro, alikuwa fundi magari. Mazishi ni Jumamosi, ibada ya Kilutheri. Kamati imenipa kazi ya kuandika wasifu, na mchungaji ametoa dakika 5 tu. Nilichonacho: alisoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe mwaka 1978, akaajiriwa kampuni ya mabasi, baadaye akafungua gereji yake. Alisifika kwa Peugeot 504, halafu Land Cruiser mkonga. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu. Rasimu ya kwanza imejaa "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" na inafanana na wasifu wa kila marehemu. Mzee aliishi kwa ajili ya familia yake na kazi yake, natamani vionekane.

La pili: gereji kuna magari 4 ya wateja, mawili injini ziko wazi. Nani ana mamlaka ya kuyatoa?

Karani wa Vikao

Poleni sana kwa msiba. Dakika 5 ni maneno 450 hadi 500 ukisoma bila kukimbia. Msomaji lazima atakwama mahali kwa uchungu, kwa hiyo lenga 400. Kuzaliwa, ubatizo, shule na ndoa visizidi robo ya karatasi. Ugonjwa upe sentensi 2: alianza kuugua lini, alifariki lini na wapi. Wasifu mwingi tunaousikia makaburini unazunguka hospitali tatu nzima, kisha maisha yote ya mtu yanapewa mistari mitano. Ni kumnyima marehemu haki yake.

Rekebisha hapo kwenye chuo. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, mzee hawezi kuwa alisoma VETA 1978. Chang'ombe kilikuwepo kabla, chini ya utaratibu mwingine. Tafuta cheti chenyewe. Majaribio ya ufundi yalikuwa na daraja la III, la II na la I. Andika daraja na mwaka kama vilivyo kwenye karatasi. Miaka ya ajira itoe kwenye barua ya kuajiriwa au kadi ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliokuja kuwa NSSF kwa sheria ya 1997. Usitegemee kumbukumbu za wajomba, kwenye miaka huwa zinateleza.

Majina ya watoto yapangwe kwa umri, yasomwe mbele ya mjane na mmoja wa ndugu wa marehemu kabla ya kuchapwa. Kama kuna mtoto wa nje ambaye mzee alimtambua, atajwe pamoja na wenzake. Akirukwa, ugomvi wa mirathi unaanzia pale pale kaburini. Wajukuu taja idadi.

Spana 17

Pole sana mdogo wangu. Neno "mchapakazi" lifute, weka kazi moja ambayo watu wataiona. Umetaja 504, anzia hapo.

Injini ile laina zake ni za maji. Kila laina ni bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, limetumbukizwa kwenye bloku likizungukwa na maji, chini limekalia sili nyembamba, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ndiyo inayolikandamiza. Ukishang'oa hedi ukazungusha krenki, mhimili unaosukuma pistoni, bila kubana laina, pistoni inazinyanyua na zile sili za chini zinaachia. Utafunga injini, itawaka vizuri, mteja ataondoka anafurahi. Baada ya muda maji yameingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kazi yote inarudiwa.

Fundi makini, kabla hajagusa krenki, anarudisha bolti kwenye matundu ya bolti za hedi, anaziwekea vipande vya bomba na washa kubwa (pete bapa za chuma) zinazoshika kingo za laina. Kazi ya dakika chache ambayo mteja haioni wala hailipii. Waulize vijana wake kama mzee alikuwa na vibanio vyake. Waulize pia kazi gani hakumwachia mtu mwingine, gari lipi lilimkesheza, na nani leo ana gereji yake baada ya kufundishwa naye. Hao wa mwisho wataje kwa majina, ni watoto wake pia.

Kwenye hizo injini zilizo wazi: kama kuna mkonga wenye injini ya dizeli ya 1HZ, shimu za valvu, vile visahani vya kurekebisha nafasi, ziwekwe kila moja kwa namba ya nafasi yake. Zikichanganyika, klirensi zote, yaani nafasi za valvu, zinapimwa upya. Silinda zilizo wazi pakeni oili safi na kufunika kwa kitambaa, zisishike kutu wakati wa matanga.

Mirathi Kwanza

Poleni. Gari la mteja si mali ya marehemu, haliingii kwenye mirathi. Ila spea alizonunua kwa fedha yake na ufundi ambao haujalipwa ni deni ambalo mirathi inadai.

Leo hii wanafamilia wawili na mjumbe wa mtaa waende gereji. Kwa kila gari waandike namba ya usajili, namba ya chasisi, kilomita, na kilichofunguliwa. Wapige picha. Vifaa vya kila injini viwekwe kwenye boksi lake lenye namba ya gari, bolti ndani ya mfuko. Atakayechukua gari aje na kadi ya gari na kitambulisho, asaini. Akilipa, aandikiwe risiti na fedha itunzwe hadi msimamizi wa mirathi apatikane. Isigeuzwe ya rambirambi.

Baada ya wasifu litolewe tangazo: anayemdai marehemu, anayedaiwa, au mwenye gari gereji, amwone fulani. Mkishazika, kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi na kiandike muhtasari, kisha mwende mahakamani mkiwa na cheti cha kifo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au Uislamu. Kwa familia ya Kikristo muulizeni karani kabla hamjafungua shauri, maana likianzishwa mahakama isiyohusika mtaanza upya. Mahakama ya Mwanzo ikishamteua, msimamizi ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V.

Kijana wa Kihonda

Nawashukuru sana. Cheti kimepatikana, daraja la II, mwaka 1979. Vibanio vipo, vinaning'inia ukutani, alivichomelea mwenyewe. Vijana wanasema Jumapili hakufungua gereji hata mteja alie vipi. Na daftari la spea, ukurasa wa mwisho, ameandika ada za watoto wote 6, muhula kwa muhula, kwa mkono wake.

Karani wa Vikao

Basi kazi imekwisha, andika hivi:

"Baba alifunga gereji kila Jumapili, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mama na sisi watoto. Daftari lake la spea lilianza na oili filta na plagi, likaishia na ada zetu sote sita. Alipofungua injini ya 504 alizibana laina kwanza kwa vibanio alivyovichomelea mwenyewe, ili gari lisirudi na maji kwenye oili. Vibanio hivyo bado vipo ukutani."

Chapa kwa herufi kubwa, nakala 2. Ya pili ashike mtu atakayesimama karibu na msomaji, aendelee pale mwenzake atakaposhindwa.