Naomba ushauri: kwateti yangu mpya inavurugika kila tukifanya mazoezi

Wakuu habari zenu. Mi naandika muziki wa klasiki wa kisasa, juzi juzi nimemaliza kwateti ya nyuzi, yaani vayolini mbili, viola na chelo, kama dakika 14 hivi. Onyesho bado wiki tatu na mazoezi yamebaki manne tu. Shida iko katikati, pale chelo anavuta upinde juu kabisa ya kile kidaraja kinachobeba nyuzi, ile sauti ya kukwaruza kama mlango mbovu, huku viola anapiga hamoniki (ile sauti nyembamba ya juu inayotoka ukigusa uzi kidogo tu bila kuukandamiza) taratibu na kila mtu ana hesabu yake ya mapigo, basi tukifika hapo wanapotezana, yule wa vayolini ya pili anaacha kupiga ananikodolea macho kama vile nimemkosea adabu 😅 Kwenye kompyuta ilisikika safi, ila kompyuta haichoki mkono wala haigeuzi ukurasa!

Nimepitia nota za mradi wa Fifty for the Future wa Kronos Quartet, lile kundi la kwateti ya nyuzi la Marekani, ule walioagiza kazi 50 wakaziweka bure mtandaoni, nikaona mtu anaandika jambo gumu kwa alama chache tu. Mimi nimejaza vimshale mpaka karatasi inatisha.

Sasa niandike upya wote wahesabu pamoja, au kwenye karatasi ya kila mmoja niongeze kinota kidogo cha anachopiga mwenzake? Na mpigaji mzoefu mnamwambiaje kwamba anapiga kwa woga bila kumuudhi? Kuikata ile sehemu sitaki kabisa jamani.