Naomba ushauri: kula katika migahawa ya Wamarekani Weusi mjini New Orleans

Bi_Asumini (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Mwezi wa tano, Mungu akipenda, nitakuwa New Orleans, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, kwa siku nne pamoja na dada yangu anayeishi Houston. Tungependa pesa zetu za chakula kwa siku hizo ziingie, kadiri itakavyowezekana, katika migahawa ambayo wenyewe ni Wamarekani Weusi. Kila niliposoma habari za mapishi ya mji ule nimekuta kwamba waliosimama jikoni tangu enzi za utumwa ni watu weusi, ilhali wenye migahawa maarufu ya mtaa wa watalii mara nyingi ni watu wengine. Ningejisikia vibaya kusafiri mbali hivyo nikausifu upishi wao kisha nikamlipa mtu mwingine.

Ninaomba mniongoze katika mambo mawili. Kwanza, mgeni atajuaje mgahawa ni wa nani bila kuwahoji watu kwa namna ya kuwakera? Pili, sisi ni Waislamu, nasi tumesikia kwamba nguruwe huwekwa hata kwenye mboga za majani. Je, tutapata cha kula?

Mkaazi_wa_Houston

Wa aleikum salaam dada, na karibu sana huku. Kutoka kwetu hadi New Orleans ni mwendo wa zaidi ya saa tano kwa gari, nami nimeufanya mara nyingi.

Anzeni na mgahawa wa Dooky Chase, ulioko Orleans Avenue katika mtaa wa Tremé, na hapo hamtahitaji kumuuliza mtu yeyote ni ya nani, kwa sababu familia ile ile imeishika tangu mwaka 1941. Ilianza kama duka dogo la sandwichi na tiketi za bahati nasibu. Leah Chase, aliyeolewa katika familia hiyo mwaka 1946, ndiye aliyeigeuza kuwa mahali pa vitambaa mezani na picha za wasanii Weusi ukutani, wakati ambapo Mweusi hakuruhusiwa kuketi katika kumbi za namna hiyo katikati ya mji. Wafanyakazi walikuwa wakibadilisha hundi zao za mshahara pale, kwa kuwa benki hazikuwajali. Katika chumba cha ghorofani walikutana wapigania haki, akiwemo Martin Luther King na wale vijana waliopanda mabasi mwaka 1961 kupinga ubaguzi, nao walikaa Weusi kwa Weupe meza moja huku sheria ikikataza. Maji ya kimbunga Katrina yaliujaza mgahawa mwaka 2005, ukafunguliwa tena mwaka 2007. Mama Leah alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, na vizazi vyake ndivyo vinavyopika leo.

Msitegemee kuikuta migahawa ya aina hii imepangana katika mtaa mmoja. Zamani Claiborne Avenue ilikuwa na safu za mialoni mikubwa, na chini ya vivuli vyake biashara za Weusi zilistawi. Katika miaka ya 1960 miti hiyo ilikatwa, na juu ya mtaa ikapitishwa barabara kuu ya nguzo za zege. Biashara nyingi zikafa na nyingine zikatawanyika. Mtakapopita chini ya zile nguzo mtaelewa kwa nini inambidi mgeni atafute.

Mpishi_wa_Lamu

Bi Asumini, nguruwe ni jambo la kulikagua kweli, na ushauri wangu ni kwamba msiulize tu kama chakula ni halali. Mhudumu atakujibu kwa nia njema kwamba ni kuku au ni kamba, akasahau kilichotiwa kwenye mchuzi. Ulizeni hivi: ndani ya sufuria hii kuna soseji, nyama ya nguruwe au mafuta yake? Gumbo, yaani ule mchuzi mzito wa huko, ambayo kwenye orodha imeandikwa kuwa ya vyakula vya baharini mara nyingi huwa na soseji pia. Maharage mekundu na wali, ambayo kwa desturi huliwa Jumatatu kwa sababu ilikuwa siku ya kufua na sufuria iliachwa ijipikie yenyewe, hupikwa na nguruwe wa kukausha au wa kuchachusha. Mboga za majani hali kadhalika. Samaki na kamba wa kukaanga ni rahisi zaidi kwenu, ila ulizeni mafuta hayo yamekaangia nini kingine.

Inaniuma kidogo kuwatahadharisha na gumbo, kwa maana jina lenyewe linahusishwa na lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo au kwa neno la karibu na hilo. Ni jamaa wa lugha yetu.

Nendeni kwenye mgahawa wa Dakar NOLA, wa mpishi Serigne Mbaye, ambaye asili yake ni Senegal. Vyakula huletwa kimoja baada ya kingine, na vya baharini ndivyo vinavyotawala. Mwaka 2024 mgahawa huo ulipewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi ya huko, ya mgahawa mpya bora nchini Marekani. Ni ghali, na lazima kuweka nafasi mapema.

Tafuteni pia calas. Ni maandazi ya wali uliochachushwa kwa hamira, hukaangwa na kunyunyiziwa sukari. Mla vitumbua atayatambua mara moja. Wanawake weusi waliyatembeza mitaani, na chini ya utawala wa Wahispania, ambapo sheria ilimruhusu mtumwa kujinunua, wapo waliopata uhuru wao kwa fedha za biashara hiyo.

Mwalimu_Kiango

Nakubaliana na waliotangulia, lakini nina neno moja. Umiliki si habari yote. Katika migahawa ambayo mwenyewe si Mweusi, wapishi na wahudumu wengi ni Weusi, na kiwango cha chini cha kisheria cha mshahara wa mhudumu anayepokea bakshishi huko Louisiana ni dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Kwetu bakshishi ni hisani. Kule ndiyo mshahara. Popote mtakapokula, wekeni katika bajeti asilimia 20 juu ya bei, mbali na kodi. Kama bajeti haitoshi, afadhali kupunguza sahani moja kuliko kupunguza hiyo.

Bi_Asumini (Tanga)

Nimewashukuru sana nyote. Mwalimu, hilo la dola 2.13 sikulijua kabisa, na nimelipigia hesabu upya. Swali la mwisho: dada yangu anataka kuku wa mgahawa wa Willie Mae's, yeye akiwa haoni tatizo la uchinjaji. Bado wapo?

Mkaazi_wa_Houston

Familia ipo, lakini lile jengo la Tremé lilishika moto mwaka 2023, kwa hiyo msiende kwa anwani ya zamani iliyomo kwenye vitabu vya safari. Pigeni simu kwanza. Fanyeni hivyo kwa Dooky Chase pia, kwani haifunguliwi kila siku. Na kama mtakuwepo Jumapili mchana, ulizeni gwaride la bendi za tarumbeta linapita mitaa ipi. Wakazi hufuatana nalo wakiuza chakula kwenye magari yao, na pale unamlipa aliyepika, mkono kwa mkono.

Bi_Asumini (Tanga)

Basi Jumapili tutakuwa barabarani, na Jumanne tutaomba meza Dooky Chase. Nitakaporudi nitaandika hapa tulichokula na tulichojibiwa kuhusu ile sufuria ya gumbo.