Mfungwa kujifungua na pingu, kuna anayetetea hili?

Jamani wadau, kila ukigusa afya ya uzazi ya wanawake walioko gerezani utajibiwa wangetaka huduma nzuri wasingevunja sheria, na eti mbona hata walioko nje wanahangaika. Nakataa.

Hakimu akimfunga mtu anamnyima uhuru wa kutoka, basi. Hajamhukumu akose pedi wala kliniki ya wajawazito. Na hiyo ya walioko nje haisimami, maana wa nje akiona damu na mimba ya miezi 5 majirani watamkimbiza hospitali hata usiku wa manane, ila wa ndani inabidi aombe, asubiri askari aamini kweli anaumwa, itafutwe gari, apatikane wa kumsindikiza, na muda wote huo damu inatoka. Aliyeshika funguo ndo mwenye deni la huduma.

Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake zipo tangu 2010, ya 5 inataka pedi zitolewe bure, ya 24 inakataza kabisa kumfunga mwanamke pingu akiwa na uchungu, anapojifungua na mara tu baada ya hapo. Lakini nchi isipoziweka kwenye sheria zake hakuna wa kubanwa. Marekani yenyewe mpaka 2018 ndo ikakataza kwa sheria pingu kwa wajawazito kwenye magereza ya shirikisho, na sheria ile haigusi magereza ya majimbo.

Mtaniambia atatoroka. Mwenye uchungu anakimbilia wapi? Askari akae nje ya mlango! Mkunga anahitaji mama ageuke, ainue miguu, na mtoto akikwama zinahesabiwa dakika, nani atakuwa anatafuta funguo saa hiyo?

Halafu kuna la ridhaa, hili halisemwi sana. California wafungwa walifungwa vizazi bila ridhaa iliyofuata utaratibu, mpaka sheria ya 2014 ikapiga marufuku kuwafunga vizazi kwa ajili ya kupanga uzazi tu. Mtu aliyefungwa anaogopa kumkatalia yeyote mwenye mamlaka, hata daktari.

Kwa hiyo mimi nasema daktari wa gereza awe chini ya wizara ya afya, asiripoti kwa mkuu wa gereza. Norwe walishahamisha tangu 1988. Mnaopinga, semeni nani amsimamie na kwa nini mgonjwa amwamini.