Naomba ushauri: kubadilisha faili moja ndani ya zip kwa Python

Wakuu habari za jioni. Natengeneza programu ya kutunza risiti za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kila mwezi zip moja. Kusoma hakunisumbui: namelist() inanipa majina, read() inanipa yaliyomo bila kutoa mafaili yote. Kuandika kulinitoa jasho kidogo, hadi nilipogundua kwamba zipfile (moduli ya Python ya kushughulikia zip) isipoambiwa ZIP_DEFLATED inapakia tu bila kubana chochote.

Kinachoninyima usingizi ni masahihisho. Mweka hazina akirekebisha risiti-014.csv, nafungua zip kwa 'a' (hali ya kuongeza) na kuiandika tena. Python inatoa onyo la jina kujirudia, na kweli ndani nakuta risiti-014.csv mbili, ya zamani na mpya. Zip inazidi kunenepa.

Juzi umeme ukakatika katikati ya kuandika. Kuwasha tena: BadZipFile, yaani kosa la kwamba zip imeharibika. Nimekuja kuelewa kwamba orodha ya yaliyomo hukaa mwishoni mwa zip, na huandikwa pale close() inapoitwa. Nilikuwa na nakala kwenye flashi, namshukuru Mungu, maana hizi ni hela za akina mama wa sokoni.

Nafikiria kuandika zip mpya pembeni, nihamishe kila kitu isipokuwa risiti ya zamani, niweke iliyorekebishwa, kisha os.replace() iiweke zip mpya mahali pa ile ya zamani. Aliyewahi kufanya hivyo kwenye zip ya mafaili 3,000 hivi, inachelewesha sana? Au risiti zikae kwenye SQLite (hifadhidata ya faili moja), zip niitengeneze mwisho wa mwezi tu?