MREJESHO: Ganzi ya vidole vya mzee

Wakuu, mwezi wa nne niliuliza kwa nini mzee wangu, miaka 71, bado hana hisia vidoleni tangu panga limkate mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, wakati mdogo wangu alipona mapema jeraha kama hilohilo. Tumerudi kwa daktari. Kasema neva (huo mshipa wa fahamu) iliyoshonwa huota kama milimita 1 kwa siku, na uzeeni huenda taratibu zaidi: seli za Schwann, zinazosafisha mabaki na kuionyesha njia, huchelewa kuamka. Akamgongagonga kiganjani, mzee akaruka, "Shoti hiyo!" Kumbe ndipo ncha ya neva inayoota ilipofika. Kikombe cha chai anashika kwa mkono wa kushoto, maana juzi aliungua bila kujua.