Mama ameshauriwa kuwekewa stenti za figo, naye anakataa: naomba ushauri

Binti wa Kayole: Habari zenu, ndugu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, anaugua saratani ya mlango wa kizazi, na ultrasaundi imeonyesha kwamba figo zote mbili zimevimba kwa sababu uvimbe umeibana mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu. Daktari anataka kumwekea stenti, yaani mirija ya kupitishia mkojo, kabla ya kuanza dawa za saratani. Mama anakataa, akisema kwamba anakojoa vizuri. Nimweleweshe vipi?

Muuguzi Mstaafu: Pole sana, binti yangu. Mtu anaweza kuendelea kukojoa ilhali njia imebanwa, kwani mkojo hupenya kidogo kidogo huku ule unaosalia ukiilemea figo hadi ikadhoofika. Sisplatini, dawa inayotumiwa sana kutibu saratani hiyo, huzielemea figo, na nadhani ndiyo sababu daktari ana haraka. Ulizia kiwango cha kreatinini katika damu yake, yaani taka ambayo figo huichuja, nayo huongezeka figo zikidhoofika.

Stenti ni mrija laini, wenye upana wa milimita 2 hivi na urefu wa kama sentimita 24, uliojikunja ncha zote mbili ili moja ikae ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu. Huingizwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua. Baadaye atakwenda haja ndogo mara kwa mara, ataona damu kidogo, na huenda kiuno kikamuuma anapokojoa. Akipata homa na kutetemeka, mrudishe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wakati mwingine uvimbe huibana hata stenti yenyewe, na hapo mkojo hutolewa kwa mrija unaopitishwa mgongoni.

Baba Imani: Mimi niliwekewa kwa sababu ya jiwe. Hakuna aliyeniandikia tarehe ya kurudi, nikapata nafuu, nikasahau kwa miezi 9. Chumvi iliganda juu ya mrija, nikafanyiwa upasuaji mara mbili kuutoa. Kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa baada ya miezi 3 hivi, ingawa ipo inayokaa zaidi. Nakusihi, dai tarehe hiyo kwa maandishi.

Binti wa Kayole: Asanteni sana. Nimemsomea Mama yote, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama ataweza kurudi nyumbani kwa matatu.

Muuguzi Mstaafu: Siku hiyo mtafutie teksi, kwa kuwa dawa ya usingizi humwacha mtu na kizunguzungu. Na msiondoke kabla ya kuandikiwa ile tarehe.