Migahawa ya Karibiani: mnatuuzia kelele na sukari, kuku mmemwacha wapi?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira, na msiniambie "kama hupendi usiende". Ugonjwa wenyewe si wa mgahawa mmoja. Ni wa kabila zima la migahawa: mnazi wa plastiki mlangoni, spika mbili kama makabati ya nguo, menyu ya kokteli yenye kurasa nyingi kuliko ya chakula. Hata rangi wanakosea. Wanatundika nyekundu, njano na kijani za Rasta wakidhani ndiyo bendera ya Jamaika, wakati bendera ya Jamaika ni nyeusi, kijani na dhahabu, nyekundu haimo hata chembe.

Tuanze na kuku wa jerk, maana hapo ndipo utapeli umekolea.

Jerk si sosi. Rudia mara tatu kabla hujalipa. Ni namna ya kupika iliyotoka kwa Maroons, watu waliotoroka utumwa wakajificha milimani huko Jamaika. Nyama inapakwa viungo, inalala navyo, kisha inaiva taratibu kwa moto na moshi wa mti wa pimento. Punje za mti huohuo ndizo roho ya viungo: kavu, za kahawia, harufu yake utadhani karafuu, mdalasini na kungumanga vimefungwa pamoja. Unaziponda na pilipili ya Scotch bonnet (jamaa wa pilipili mbuzi), vitunguu vya majani, thaimu, tangawizi, kitunguu saumu, kungumanga kidogo, chumvi na ndimu. Unachanja paja mpaka mfupani, unasugua ndani ya michanjo, unaacha usiku kucha. Kesho yake unaweka juu ya mkaa uliotulia, unafunika, na unasubiri karibu saa nzima. Kuku anakuwa salama akifika nyuzi 74 za Selsiasi ndani, lakini paja lenyewe huwa tamu likivuka 80, mishipa ikishalainika.

Wao wanafanyaje? Kuku anaokwa asubuhi bila kiungo cha maana, anaingia friji. Ukiagiza anawekwa kwenye chuma cha moto dakika chache apate mistari myeusi, halafu anamwagiwa sosi ya chupa yenye sukari. Basi, "jerk" tayari.

Namna ya kuwakamata ni rahisi. Chukua leso ya karatasi, sugua ngozi. Weusi wa moshi na viungo vilivyoungulia hung'ang'ania, na leso inabaki na mafuta na chembechembe za viungo. Weusi wa sosi unafutika wote kama rangi, na chini yake ngozi ni nyeupe, laini, inateleza kama mpira uliolowa. Kisha pasua paja kandokando ya mfupa. Kama viungo viliingia, utaona alama ya kijani au kahawia ndani ya mchanjo na utaisikia harufu pale pale mfupani. Kama nyama ni nyeupe na haina ladha milimita moja chini ya ngozi, hakuna aliyelaza kitu hapo. Umeuziwa kuku wa kuoka na hadithi.

Najua watasema kuni za pimento hazipatikani kirahisi nje ya Jamaika. Kweli. Lakini punje kavu zinapatikana, na punje zilizolowekwa zikitupwa juu ya mkaa zinatoa moshi wa kutosha kuonyesha heshima. Kukosa kuni si sababu ya kukosa hata mkaa. Na pilipili ya unga haiwezi kuwa badala ya Scotch bonnet: ya unga inawasha tu, Scotch bonnet ina harufu ya tunda.

Wali na "peas" nao ni kichekesho. Huko Jamaika "peas" ni maharage mekundu, na msimu wa Krismasi ni mbaazi mbichi. Mchele unaivia ndani ya maji ya maharage hayohayo pamoja na tui, thaimu na pilipili moja nzima inayoelea juu, ambayo lazima itolewe kabla haijapasuka. Ndiyo maana punje ya wali inatoka na wekundu wa kahawia mpaka ndani. Ukiona wali mweupe pee na maharage yamekaa juu kama wageni, ujue yametoka kwenye kopo dakika mbili zilizopita.

Mkia wa ng'ombe na mbuzi wa mchuzi hapo siwalaumu vikija haraka. Hivyo vinataka saa mbili tatu jikoni na vikilala huwa vitamu zaidi. Kupashwa moto si kosa. Kosa ni kupashwa nusu, nje kunaunguza ulimi na katikati pande ni la baridi.

Halafu, jamani, Karibiani si nchi. Doubles ni za Trinidad, vikate viwili laini vya kukaanga na dengu za mchuzi. Cou-cou (ugali wa mahindi na bamia) na samaki arukaye ni vya Barbados. Griot (nguruwe wa kukaanga) na pikliz (achari kali ya kabichi) ni vya Haiti, mofongo (ndizi za kukaanga zilizopondwa) ni wa Puerto Rico, ropa vieja (nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa) ni ya Kuba. Mpishi anayejua vizuri vyakula vya kisiwa kimoja na kuandika hivyo mlangoni nitamheshimu. Huyu mwenye "ladha za visiwa vyote" pamoja na taco na nacho za Meksiko, hapana.

Sasa kokteli, ambako hela yako ndiko inakopotelea.

Rum punch ya Barbados ina kanuni yake ya zamani: moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za kupooza. Ukitaka kwa mililita: ndimu 20, sharubati (sukari iliyoyeyushwa kwa maji) 40, ramu 60, maji au juisi 80, matone ya bitters (kileo kichungu cha viungo), kungumanga ya kukuna juu. Unacholetewa ni juisi ya boksi, sharubati nyekundu, na kijiko cha ramu kilichomwagwa juu kabisa. Kwa nini juu? Ili pua ikutane na ramu kwanza na ubongo uamini. Koroga glasi yote mpaka chini, kisha onja. Kama ramu imetoweka, haikuwepo.

Mojito: ramu nyeupe 45, ndimu 20, sukari vijiko viwili vya chai, vitawi sita vya nanaa, maji ya soda. Nanaa inabonyezwa taratibu itoe harufu, haitwangwi kama kisamvu. Ikisagwa inatoa uchungu, na vipande vyake vinaziba mrija, unanyonya mpaka mashavu yanauma. Tazama chini ya glasi: kama kuna tabaka la sukari, mtu wa kaunta ameitupa juu ya barafu. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi, inakorogwa na ndimu kwanza, kabla barafu haijaingia. Matokeo yake funda la kwanza ni chachu na la mwisho ni sharubati.

Piña colada, kinywaji rasmi cha Puerto Rico tangu 1978, inataka krimu nzito ya nazi, juisi ya nanasi na ramu. Wengi wanatumia sharubati yenye harufu ya nazi, inayonukia kama mafuta ya kupaka.

Na ile mashine inayozunguka yenye barafu ya rangi! Mashine hiyo inahitaji sukari ya kutosha ili kinywaji kisigande jiwe, na pombe ikizidi hakigandi kabisa. Kwa hiyo mwenye duka akitaka kazi iwe nyepesi, anaongeza sukari na kupunguza ramu. Si bahati mbaya kwamba huko ndiko kwenye ofa ya "mbili kwa moja".

Hapa nitawatetea kidogo: barafu nyingi si wizi. Ramu inapimwa kwa mililita, glasi ijae barafu au isijae, na barafu nyingi inayeyuka polepole kuliko vipande vitatu. Wizi ni kumimina kwa macho bila kipimo. Omba kinywaji kipimwe mbele yako, ni haki yako.

Mai Tai, kwa taarifa yenu, chimbuko lake ni California, 1944. Margarita ni ya Meksiko. Wekeni tu, lakini msiandike "asili ya visiwani".

Muziki. Mazungumzo ya kawaida yako kama desibeli 60. Spika ikifika 85 kwenye meza unapiga kelele ili jirani yako asikie, na mhudumu anaandika alichokisikia, si ulichosema. Mtu mwenye mzio wa karanga au kamba anamwambia mhudumu mara tatu, anajibiwa kwa kidole gumba. Hilo ni la hatari, si la starehe.

Kosa la kiufundi ni lilelile kila mahali: spika kubwa mbili upande mmoja, besi imesukumwa kwenye kona, sakafu ya vigae na kuta za vioo. Kona inaivimbisha besi, vigae vinarudisha sauti, meza za mbele zinapondwa ili za nyuma zisikie. Spika ndogo sita zilizotawanywa darini kwa sauti ya chini zingemaliza ugomvi. Rege haihitaji kupasua masikio. Besi ikiwa safi unaihisi hata kwa sauti ndogo. Stilipani, ngoma ya chuma ya Trinidad iliyozaliwa kwenye mapipa ya mafuta, mpigaji mmoja anatosha chumba kizima bila kipaza sauti. Sasa mnamfungia mikrofoni ya nini?

Na kwenye bili kunatokea "ada ya muziki" isiyoandikwa popote kwenye menyu. Chini yake ada ya huduma imeshawekwa, halafu mashine ya kadi inakuuliza bakshishi tena. Soma karatasi kabla hujagusa kitufe.

NYONGEZA: Mdau ameuliza kuhusu ackee (tunda linalopikwa Jamaika) na samaki wa chumvi, kama ni salama. Ackee ya kopo kutoka kwa mtengenezaji anayekaguliwa, kula. Ikiwa si ya kopo, tunda lazima liwe limejifungua lenyewe mtini. Likilazimishwa kufunguka lina sumu ya hypoglycin, inayoshusha sukari ya damu na inaweza kuua. Inaliwa ile nyama ya njano tu. Mbegu nyeusi na utando mwekundu vinatupwa, na maji ya kuchemshia nayo yanamwagwa. Muulize mhudumu kama ni ya kopo au imetoka mtini. Akisema "ni fresh boss" huku akicheza na wimbo, agiza mkia wa ng'ombe.